Silambu si bangili, wala si cheni: barua ya wazi kwa wanaosimamia tafsiri za tamthilia

Waheshimiwa wakurugenzi wa vipindi, wahariri wa tafsiri, na nyote mnaosimamia kazi ya kuingiza sauti za Kiswahili kwenye tamthilia na filamu za nje,

Salamu nyingi kutoka Ngamiani, Tanga. Naandika nikiwa sebuleni kwa bibi yangu, ambako televisheni huwashwa baada ya sala ya Isha na haizimwi mpaka mwenyewe atamke kuwa usingizi umemjia. Bibi hajui Kihindi, hajui Kiingereza, na maandishi ya chini ya kioo hawezi tena kuyasoma kwa sababu ya macho. Kila anachokijua kuhusu watu wa kwenye tamthilia anakipata kwenye Kiswahili chenu. Zamani alikuwa akitazama picha na kubahatisha nani kamkosea nani. Ninyi ndio mliompa kisa kizima, na kwa hilo nawashukuru kwa moyo wangu wote.

Kilichonifanya nishike kalamu ni tamthilia moja ya Watamil, watu wa kusini mwa India, inayosimulia habari za kale za mwanamke aitwaye Kannagi. Kituo sikitaji, kwa kuwa kosa hili nimelisikia kwingi. Mwanzoni pambo la mguuni la Kannagi liliitwa bangili. Wiki iliyofuata likawa cheni. Siku mumewe alipokwenda kuliuza likaitwa kikuku. Ilipofika sehemu ya mwisho, mwanamke kasimama mbele ya mfalme, nywele zimemfumka, akakipiga chini kile alichokuwa amekishika, kikapasuka, vito vyekundu vikaruka mpaka kwenye kiti cha enzi. Sauti ya Kiswahili ikasema: “Tazama cheni yangu!”

Bibi akanigeukia. “Mwanangu, cheni hupasuka? Cheni si hukatika?”

Nikamwambia ile haikuwa cheni. Akavaa miwani, akasogea karibu, picha ikarudiwa kwa bahati njema. “Aa,” akasema, “huo ni mtali. Mtali wa uwazi, wenye vitu ndani. Mbona hawakusema?”

Swali hilo ndilo ninalowaletea.

Pambo lile kwa Kitamil huitwa silambu. Ni pete nene ya mguuni, tupu ndani kama bomba, iliyotiwa vijiwe, punje za madini au vito, ili mvaaji akitembea isikike. Neno lenyewe lina maana ya kutoa mlio. Na utenzi wa Kannagi, ulio miongoni mwa tenzi kuu za Kitamil na ambao kwa mapokeo unahesabiwa kuwa kazi ya Ilango Adigal, umepewa jina la pambo hilo: Silappatikaram, yaani hadithi ya silambu. Utenzi huo una umri wa zaidi ya miaka 1,000. Ulikuwa umebaki kwenye majani ya mitende yaliyoandikwa kwa mkono mpaka msomi wa Kitamil, U. V. Swaminatha Iyer, alipoyakusanya na kuuchapisha mwaka 1892. Sasa fikirini: kitabu kinaitwa kwa jina la pambo, na sisi katika tafsiri tumelipa pambo hilo majina matatu, na yote matatu hayafanani nalo.

Naomba nikae kidogo kwenye kisa chenyewe, kwa sababu uzito wa jambo hili uko humo.

Kannagi na mumewe Kovalan waliishi Puhar, mji wa bandari kwenye mdomo wa mto Kaveri. Kovalan akapendezwa na mcheza ngoma aitwaye Madhavi, akahamia kwake, akamaliza mali yote. Utenzi unapotaka kueleza upweke wa Kannagi siku hizo, hausemi alilia usiku kucha. Unasema miguu yake haikuwa na silambu. Alizivua. Msomaji wa Kitamil anaelewa papo hapo: nyumba ile imenyamaza. Hatua za mke hazisikiki tena, kwa sababu wa kuzisikiliza hayupo. Kovalan aliporudi, mikono mitupu, uso umemshuka kwa aibu, Kannagi alimjibu kwa maneno machache tu: silambu zipo, zichukue. Ndizo zilizokuwa mtaji wao wa mwisho. Wakatembea kwa miguu hadi Madurai, mji mkuu wa wafalme wa Pandya, ili waanze upya.

Kovalan akachukua moja kwenda kuiuza. Akaangukia mikononi mwa sonara wa mfalme, ambaye mwenyewe alikuwa ameiba silambu ya malkia na alikuwa akitafuta wa kumbebesha. Mfalme hakuchunguza, akaamuru Kovalan auawe. Ndipo Kannagi akaenda barazani na silambu ya pili mkononi, akamwambia mfalme kuwa ndani ya ile yake mna vito. Mfalme akajibu kuwa ya malkia ina lulu. Silambu iliyokamatwa kwa Kovalan ikaletwa, Kannagi akaipasua, vikatoka vito vyekundu, na kimoja kikaruka kikampiga mfalme mdomoni. Mfalme akasema: “Mimi si mfalme, mwizi ni mimi.” Akaanguka, akafa. Na Madurai ikateketea kwa moto wa ghadhabu ya mwanamke yule.

Ushahidi wote wa kesi umefichwa ndani ya pambo. Kwa nje silambu mbili zinafanana, kwa ndani hazifanani. Hata lulu zina sababu yake: wafalme wa Pandya walikuwa na Korkai, bandari iliyosifika kwa uzamiaji wa lulu, kwa hiyo malkia wao kuwa na lulu mguuni ni jambo la kutarajiwa. Mtafsiri akisema “cheni”, hakuna ndani wala nje. Akisema “bangili”, mtazamaji anatazama mikono wakati kisa kiko miguuni. Na akibadilisha jina kila wiki, mtazamaji hajui tena kuwa silambu iliyovuliwa Puhar ndiyo iliyouzwa Madurai na ndiyo iliyopasuliwa barazani. Uzi wa kisa umekatwa, na aliyeukata ni mtafsiri.

Hapa lazima nieleze jambo moja, maana mtafsiri makini ataniuliza. Katika utenzi, silambu ya Kannagi ni ya dhahabu, kwa kuwa alikuwa binti wa tajiri na mke wa mfanyabiashara. Lakini tukiacha wafalme, matajiri na masanamu ya miungu, pambo la mguuni la Mtamil ni la fedha. Wahindu wengi wa kule hawavai dhahabu chini ya kiuno, kwa sababu dhahabu ni ya Lakshmi, mungu wao wa kike wa neema na utajiri, na kuiweka miguuni ni kumkosea adabu. Kwa hiyo katika tamthilia za zama za kale, mkiona dhahabu kwenye mguu wa mtu, mwongozaji anawaambia jambo kuhusu cheo chake. Na mkiona fedha, anawaambia jambo jingine. Ile sauti ya Kiswahili iliyosema “dhahabu zako zote” wakati kamera inaonyesha miguu ya mjakazi iliyovishwa fedha nyeupe ilifuta habari hiyo kwa pumzi moja.

Fedha kwa Kitamil ni velli. Neno hilohilo ni jina la sayari ya Zuhura, nayo siku ya Ijumaa inaitwa kwa jina hilo. Sisi nasi fedha tumeifanya iwe madini na iwe pesa ya matumizi kwa neno moja. Kila lugha ina namna yake ya kuipenda fedha, na ndiyo maana nasema hatukukosa maneno.

Wazee wetu wa mwambao walivaa fedha miguuni. Reale, sarafu za fedha zenye sura ya malkia Maria Theresa wa Austria na mwaka 1780, zilizunguka Uarabuni na pwani yetu, na wafua fedha waliziyeyusha wakazifanya mapambo. Kiswahili kikapata mtali, furungu, kikuku, kekee, jasi, kipuli, kipini, kidani. Bibi yangu alivishwa furungu siku ya harusi ya dada yake, akiwa mtoto, na mpaka leo anaweza kuonyesha kwa vidole unene wake. Yeye ndiye aliyetazama tamthilia yenu nzima akitaja majina: ule ni mtali, lile ni kama furungu, yule pale masikioni kama majasi, puani kipini. Mtu ambaye hajawahi kufika India alikuwa anaitafsiri vizuri kuliko waliolipwa kuitafsiri. Nasema hivi si kwa kuwadhalilisha vijana wenu wa studio, ambao najua wanapewa muda mfupi na kurasa nyingi. Nasema kwa sababu watu wenye maneno hayo bado wako hai, Lamu, Mombasa, Pangani, Unguja, na hawaombwi.

Mwaka 2019 nilimsindikiza mama Chennai, mji wa Watamil kule India, kwa matibabu, kama wafanyavyo Watanzania wengi, tukakaa miezi miwili katika chumba cha kupanga. Jioni mama akijisikia nafuu tulikwenda pwani ya Marina, na pale nilimwona Kannagi mwenyewe: sanamu nyeusi ya mwanamke mwenye silambu moja mkononi. Sanamu hiyo iliwekwa mwaka 1968 wakati wa mkutano wa dunia wa lugha ya Kitamil. Mwezi Desemba 2001 iliondolewa, watu wakalalamika kwa miaka, na mwaka 2006 ikarudishwa mahali pake. Ng'ambo ya bahari ndogo, Sri Lanka, Watamil wanamwomba kama mungu wa kike, na Wasinhala wa dini ya Buddha nao wanamheshimu kwa jina la Pattini. Huyo ndiye mtu tuliyemfanya apige kelele kuhusu cheni.

Mama mwenye nyumba tuliyopanga alikuwa akitangulia kusikika kabla ya kuonekana. Alivaa kolusu, mkufu wa fedha wa mguuni wenye vikengele vidogo. Mwenyewe alisema zilitoka Salem, mji ambao kwa kazi hiyo unajulikana nchi nzima ya Watamil. Binti yake wa miaka 6 alikuwa nazo, na mama mkwe wake wa miaka 70 na kitu alikuwa nazo. Nataja umri huo kwa makusudi. Kwetu Tanzania, neno “kikuku” limebeba mzigo. Mwanamke akivaa kikuku mtaani, yako mazungumzo yanayoanza nyuma yake, na kila mmoja wetu anayajua. Mimi siyapendi mazungumzo hayo, lakini yapo, na mtafsiri hawezi kujifanya hayapo. Mkimwita mke mcha Mungu wa karne zilizopita “mwenye vikuku”, nusu ya watazamaji wameshamhukumu kabla hajafungua mdomo. Niliona jambo hilo sebuleni kwetu: shangazi yangu alicheka, akasema, “Kumbe naye!” Kwa Watamil, mlio wa kolusu nyumbani ni mlio wa heri. Neno moja limeugeuza kuwa fununu.

Halafu kuna metti. Hizi ni pete za fedha zinazovaliwa kwenye kidole cha pili cha mguu, miguu yote miwili, na mwanamke aliyeolewa. Siku ya harusi bibi harusi anaweka mguu juu ya ammi, jiwe la kusagia viungo, ili awe imara kama jiwe hilo, na bwana harusi anainama, anaushika mguu wa mkewe na kumvisha pete hizo. Baada ya hapo anamwonyesha nyota ya Arundhati, mke aliyesifika kwa uaminifu. Katika tamthilia, mtu akitaka kujua kama msichana mgeni ni mke wa mtu, macho yanashuka miguuni. Sasa tafsiri inasema, “Mbona huna pete?” na Bibi anatazama vidole vya mikono, anaona pete tele, anashangaa mama mkwe huyu ni kipofu au ana chuki. Semeni tu “pete za miguuni”. Ni maneno matatu, na kisa kinasimama.

Silambu nazo, katika zama za kale sana za mashairi ya Kitamil, zilikuwa na desturi yake ya harusi: msichana alivuliwa silambu za utotoni kabla ya kuolewa. Liko shairi ambamo mama wa msichana aliyetoroka na mpenzi wake anatuma ujumbe kwa upande wa kijana: hata kama kuvuliwa silambu kumefanyika kwenu, harusi yenyewe iachwe ifanyike kwetu. Mama kanyang'anywa nusu ya sherehe, anaomba nusu iliyobaki. Tamthilia zinazoigiza zama hizo hutumia kuvua na kuvaa kama lugha. Kovalan akiwa kwa Madhavi, silambu zimevuliwa. Mjane anavuliwa metti. Tafsiri inayosema “akatoa mapambo yake” imesema kweli, lakini haijasema kitu.

Na wanaume pia. Mashujaa wa kale walivaa kazhal, pete ya mguuni ya ushujaa. Watoto wachanga, wavulana na wanaume wazima wana araijnan, uzi wa kiunoni ambao kwa wenye uwezo huwa wa fedha. Hapa nawasihi sana. Nimesikia uzi huo wa mtoto wa mfalme ukiitwa “shanga za kiunoni”. Ninyi ni watu wa pwani na bara, mnajua shanga za kiunoni kwetu ni za nani na ni za wapi. Sebule nzima iliinamisha macho. Uitwe “kigwe cha kiunoni”, au “uzi wa fedha wa kiunoni”, yatosha. Zile njuga za wacheza ngoma, salangai, mliziita njuga, na hapo mlipatia kabisa; Bibi alifurahi akapiga makofi.

Jambo jingine ni fupi. Msiseme “kwa Kihindi tunaita hivi” wakati mtu anazungumza Kitamil. Kitamil ni lugha ya jamii ya Kidravidi, haina udugu na Kihindi, ina maandishi yake, na mwaka 1965 watu walikufa katika maandamano ya kupinga Kihindi kufanywa lugha rasmi pekee ya India. Sisi tunaoikumbuka heshima ya Kiswahili tunapaswa kulielewa hilo upesi.

Ninachoomba si kikubwa. Kabla ya sehemu ya kwanza kurekodiwa, kaeni mezani na kisa kizima, mkatafute pambo gani linarudi mara kwa mara, mlipe jina moja, na jina hilo liandikwe kwenye karatasi ya kila mwigiza sauti mpaka mwisho. Pambo likiwa na neno la Kiswahili, litumieni: mtali, furungu, jasi, kipini, njuga. Likiwa halina, lielezeni kwa Kiswahili cha kawaida. Na pambo likiwa ndilo kisa, kama silambu, liacheni na jina lake na mlitambulishe mara moja mdomoni mwa mhusika: “silambu zangu, mitali yangu ya harusi”. Baada ya hapo mtazamaji atakwenda nalo. Watu wetu walijifunza majina ya vyakula vya Kituruki kwa miezi michache, silambu haitawashinda. Mkitaka ushauri, BAKITA na BAKIZA, mabaraza yetu ya Kiswahili, wapo, na wapo mabibi ambao mngewalipa nauli na chai tu wakawafundisha mchana mmoja yale ambayo kamusi imeyaandika kwa mstari mmoja.

Bibi yangu amekubali kuwa mmoja wao. Wiki hii amenikalisha jioni tatu, nimejaza kurasa 4 za daftari: jina la pambo, linavaliwa wapi, na nani, siku gani, na lina uzito gani kwa kulinganisha na funguo za kabati lake. Kurasa hizo nimezipiga picha na nitazituma kwa yeyote kati yenu atakayejibu.

Naye ana ombi lake, ameniagiza niliandike kama alivyolisema. Anaomba ile sehemu ya mwisho irekodiwe upya, sentensi moja tu, kisha irushwe tena usiku, baada ya Isha. Atakuwa macho.

Wenu katika kuitumikia lugha,
Mtazamaji, Ngamiani, Tanga